Kabla Ghorofa Halijabomolewa, Tuhesabu Kilichomo

Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 unaposhushwa mbele ya kiwanja chochote cha Kariakoo, kilo zipatazo 30 za hewa ukaa zimekwisha kupaa angani kwa ajili yake. Zilipaa kiwandani wakati jiwe la chokaa likichomwa, na hakuna fundi, mkandarasi wala mwenye jengo anayeweza kuzirudisha. Nondo zilizofungwa kwenye guta zina hesabu yake, marumaru zina yake, na vioo na alumini za madirisha zina yake, tena kubwa zaidi kwa kila kilo. Tunapozungumzia mabadiliko ya tabianchi hapa nchini, macho yetu huenda kwenye vitu vyenye moshi: tanuri la mkaa, bomba la basi bovu, jenereta linalonguruma nje ya duka umeme ukikatika. Ghorofa halitoi moshi. Limesimama, limepakwa rangi, limejaa fremu za maduka, na hakuna anayeuliza limetoa hewa ukaa kiasi gani mpaka likafika hapo. Swali hilo tunapaswa kulizoea, kwa sababu jibu lake linagusa maamuzi mawili ambayo Dar es Salaam inayafanya kila wiki: nini kijengwe na nini kibomolewe. Msimamo wangu ni kwamba katika jiji letu njia ya kwanza ya kupunguza hewa ukaa ya ujenzi, na iliyo nafuu kuliko zote, ni kujenga mara moja jengo litakalodumu na kulitunza lililopo kabla ya kufikiria kulivunja. Paneli za sola juu ya paa na vyeti vya jengo la kijani ni vitu vizuri, lakini nafasi yake ni baada ya hapo.

Tuanze na saruji, kwa kuwa ndiyo mzizi wa jambo lenyewe. Jiwe la chokaa husagwa, huchanganywa na udongo wa mfinyanzi, kisha huingizwa kwenye tanuri lenye joto la takriban nyuzi 1,450. Humo jiwe linaachia hewa ukaa iliyokuwa imefungwa ndani yake tangu viumbe wa bahari walipoliumba, na kinachobaki ni vinundu vigumu viitwavyo klinka, ambavyo vikisagwa ndivyo saruji. Karibu asilimia 60 ya hewa ukaa ya saruji inatoka kwenye jiwe lenyewe. Sehemu iliyobaki ndiyo inayotokana na nishati ya kuwashia tanuri. Hili ni jambo zito kuliko linavyosikika. Kiwanda cha Wazo, kinachozalisha saruji tangu 1966, kilikuwa miongoni mwa wateja wa mwanzo wa gesi ya Songo Songo ilipofika Dar es Salaam mwaka 2004, na kuchoma gesi badala ya mafuta mazito au makaa ya mawe ni hatua nzuri. Lakini hata tanuri lingewashwa kwa jua tupu, jiwe lingeendelea kutoa hewa yake ileile. Ndiyo maana saruji peke yake inakadiriwa kuchangia asilimia 7 hadi 8 ya hewa ukaa yote inayotokana na shughuli za binadamu duniani. Kinachoweza kupunguzwa kwa hakika ni kiasi cha klinka kinachoingia kwenye mfuko, na idadi ya mifuko inayoingia kwenye jengo.

Sasa tupige hesabu ya jengo. Tuseme ni ghorofa kumi kwenye kiwanja cha Kariakoo, kila sakafu ikiwa na mita za mraba 300. Makadirio ya kihandisi kwa majengo ya zege huangukia mara nyingi kati ya kilo 300 na 600 za hewa ukaa kwa kila mita ya mraba, kutegemea muundo na chanzo cha vifaa. Tukishika kilo 400, jengo zima limebeba tani 1,200. Mtanzania mmoja, tukihesabu mafuta, gesi, makaa ya mawe na saruji ya nchi nzima na kuigawa kwa idadi ya watu, anafikia takriban robo tani kwa mwaka. Maana yake ni kwamba jengo hilo moja, kabla mpangaji wa kwanza hajafungua mlango wa fremu yake, limekwisha kutumia hewa ukaa ya watu 4,800 kwa mwaka mzima. Na zaidi ya nusu ya mzigo huo kwa kawaida imo kwenye mifupa ya jengo: msingi, nguzo, boriti na slabu. Rangi, milango na marumaru hubadilishwa kila baada ya miaka kadhaa. Mifupa hiyo haiguswi mpaka siku ya kubomoa. Jengo likidumu miaka 100, tani zile zinagawanywa kwa miaka 100. Likivunjwa baada ya miaka 25 ili kupisha jingine refu zaidi, kila mwaka wa maisha yake umegharimu mara nne, na hesabu mpya inaanzia sifuri juu ya kifusi.

Atatokea wa kusema kwamba jengo hutoa hewa ukaa nyingi zaidi likitumika, kupitia taa, lifti, pampu za maji na viyoyozi, hivyo nguvu zielekezwe huko. Kwa nchi zinazopasha nyumba joto kwa gesi miezi sita kwa mwaka, hoja hiyo ilikuwa na nguvu. Hapa kwetu inazidi kupungua uzito. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuingiza umeme kwenye gridi mapema mwaka 2024, na limebadilisha sura ya umeme wetu uliokuwa ukitegemea sana gesi. Kadiri umeme unavyokuwa safi, ndivyo hewa ukaa ya matumizi inavyopungua kila mwaka bila mwenye jengo kufanya lolote. Ile ya saruji na chuma imekwisha kutoka na haipunguzwi na bwawa lolote. Kwa hiyo miaka inavyokwenda, sehemu kubwa ya hesabu ya jengo la Dar es Salaam itakuwa ile iliyotoka kabla halijazinduliwa.

Mfano bora wa jengo lililostahili kutunzwa uko katikati ya Kariakoo yenyewe. Soko Kuu lilibuniwa na Beda Amuli, msanifu majengo Mtanzania aliyefungua njia kwa waliomfuata, likajengwa katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1970 na kufunguliwa mwaka 1975. Anayesimama ndani na kuinua macho anaona paa la miavuli mikubwa ya zege, kila mmoja umesimama juu ya nguzo yake, ukiwa umepinda kama jani pana la mgomba. Umbo lile halikuwekwa kwa mapambo tu. Ganda la zege lililopinda lina nguvu hata likiwa jembamba, kwa hiyo linafunika eneo pana kwa saruji kidogo. Hewa ya moto inatoka juu, kivuli kinabaki chini, na wauza mboga na nafaka walifanya kazi humo kwa miongo bila kiyoyozi. Usiku wa Julai 10, 2021 soko liliungua. Baada ya moto kama ule, kauli rahisi ingekuwa kusafisha uwanja wote na kuinua kitu kipya. Serikali iliamua jengo la zamani likarabatiwe na jengo jipya la ghorofa lijengwe kando yake, mradi wa takriban shilingi bilioni 28. Wengi waliupongeza uamuzi huo kwa sababu ya historia, na walikuwa na haki. Lakini hata asiyejali historia angepaswa kuupongeza, kwa kuwa maelfu ya mifuko ya saruji ya miaka ya 1970 haikugeuzwa kifusi, na hakuna maelfu mengine yaliyochomwa Wazo kuijazia nafasi.

Upande wa pili wa Kariakoo ni wa majonzi, na haufai kutajwa harakaharaka. Novemba 16, 2024 jengo la ghorofa liliporomoka asubuhi ya siku ya biashara, na watu wasiopungua 29 wakapoteza maisha. Kabla ya hapo, Machi 29, 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya jiji, lilianguka na kuua watu 36. Uhai wa mtu haupimwi kwa tani za hewa yoyote, na wajibu wa kisheria katika matukio hayo ni wa vyombo husika. Ninayataja kwa sababu moja: uzembe unaoua ndio uleule unaofuja vifaa. Zege linalozidishiwa maji ili lisukumike kwa urahisi ndani ya mbao za kumwagia linapoteza nguvu. Fundi mzoefu akijua limelegea, huongeza saruji kufidia. Asiyejali huliacha hivyohivyo. Kokoto zenye vumbi, mchanga wenye chumvi au udongo, karai linalojazwa leo kwa kipimo hiki na kesho kwa kingine, vyote vinazaa jengo lililomeza saruji nyingi na kutoa nguvu ndogo. Halafu kuna lile la kumwagilia. Zege linahitaji maji kwa muda usiopungua siku saba ili saruji iliyomo ikamilishe kazi yake. Katika jua la Dar es Salaam, slabu iliyoachwa kavu siku ya pili inapoteza sehemu ya nguvu iliyokwisha kulipiwa. Maji na magunia ya kufunikia ni gharama ndogo kuliko zote kwenye jengo, na ndiyo huwa ya kwanza kukatwa.

Kwa hiyo wanaoogopa kwamba kuzungumza habari ya kupunguza saruji ni kualika majengo dhaifu, nawaelewa, maana katika mji uliozika watu wake namna hiyo hofu hiyo ni halali. Lakini jambo lenyewe linaelekea upande mwingine kabisa. Mhandisi aliyepima udongo, akachora nguzo kwa mzigo halisi na akasimamia mchanganyo hadi mwisho, hutumia saruji kidogo kuliko yule anayebahatisha, na jengo lake ndilo linalosimama. Tazama pia daraja la saruji lililoandikwa kwenye mfuko. Ile ya 42.5 inafaa nguzo, boriti na slabu. Ya 32.5, ambayo kwa kawaida ina klinka kidogo na mchanganyiko mwingi zaidi wa mawe ya chokaa au majivu ya volkano ambayo nchi yetu imejaliwa kuwa nayo kuanzia Mbeya hadi Kilimanjaro, inatosha kwa kupiga lipu, kujengea na kufyatulia matofali. Mtu anayepigia lipu saruji ya 42.5 kwa imani kwamba kali ndiyo bora analipa zaidi, anachafua zaidi, na mara nyingi lipu yake inapasuka nyufa.

Pingamizi zito kuliko yote ni la ardhi. Kariakoo ni mahali ambapo hatua moja ya mraba mbele ya duka inagombewa, na hakuna mwenye kiwanja atakayekubali kubaki na nyumba ya chini wakati jirani anavuna kodi za ghorofa nane. Nyumba za Kiswahili za vyumba sita, ukumbi wa katikati na ua nyuma zimekwisha kwa sababu hiyo, na sioni maana ya kumlaumu aliyeziuza. Isitoshe, mji unaopanda juu unatumia barabara fupi, mabomba mafupi na nyaya fupi kuliko mji unaotambaa hadi Chanika na Bunju. Kati ya sensa ya 2012 na ya 2022 Dar es Salaam iliongezeka kutoka watu milioni 4.36 hadi milioni 5.38, na lazima waishi na kufanya biashara mahali fulani. Ghorofa nayakubali. Ninachopinga ni tabia ya kupanda kwa hatua: leo ghorofa tatu, baada ya miaka 20 linavunjwa kwa ajili ya sita, kisha sita zinavunjwa kwa ajili ya 12. Na ninapinga zaidi ile ya kuongeza sakafu juu, au kuchimba maduka chini, kwenye mifupa ambayo haikuchorwa kubeba mzigo huo. Mwenye kiwanja ambaye leo hana fedha za ghorofa kumi anaweza kujenga nne juu ya msingi uliochorwa, ukahakikiwa na kuandikwa kwenye kibali kuwa ni wa kumi. Nyongeza ya gharama ni ndogo ukilinganisha na kubomoa na kuanza upya.

Hapa Shirika la Nyumba la Taifa lina nafasi ya kipekee. Majengo yaliyotwaliwa kwa sheria ya mwaka 1971 na kusimamiwa na Msajili wa Majumba yaliingia mikononi mwa shirika hilo mwaka 1990, na hadi leo ni mwenye nyumba mkubwa katikati ya jiji na Kariakoo. Sera yake ya ubia iliyozinduliwa mwaka 2022 inawaalika wawekezaji binafsi kuendeleza viwanja hivyo. Ni sera yenye manufaa, kwa kuwa majengo mengi yamechoka na kodi zake hazilingani na thamani ya mahali. Lakini neno kuendeleza limezoeleka kuwa na maana moja tu, ya kuvunja kwanza. Jengo la ghorofa tatu lenye kuta nene na baraza pana linaweza kupimwa zege lake, likaimarishwa nguzo, likabadilishwa mabomba na nyaya, likapata miaka 40 mingine. Mengine yatapimwa na kuonekana hayafai. Hayo yabomolewe bila kusita. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam vina maabara na wataalamu wa kupima zege. Na jengo la zamani likitunzwa hudumu: Boma la Kale pale karibu na bandari, la miaka ya 1860 enzi za Sultani Majid, bado linatumika likiwa na kuta za mawe ya matumbawe na chokaa. Kinachokosekana ni sharti la kuuliza swali la kukarabati kabla ya kutia saini ya kubomoa.

Jambo jingine linalonisikitisha ni kuona majengo mapya yakivishwa vioo kuanzia chini hadi juu, yakitazama magharibi. Alumini mpya, kwa wastani wa dunia, inatoa zaidi ya tani kumi za hewa ukaa kwa kila tani moja, mara nyingi zaidi ya chuma, kwa kuwa kuiyeyusha kutoka kwenye madini yake kunakula umeme mwingi mno. Kioo nacho hutoka kwenye tanuri kali. Vyote viwili husafirishwa kutoka mbali, hufungwa kwenye ukuta unaopigwa na jua la saa tisa alasiri, kisha kiyoyozi kinawekwa kupambana na joto lililokaribishwa kwa gharama kubwa. Waliojenga mitaa ya Uhindini hapa jijini miaka ya 1930 hadi 1950, na Amuli baada yao, walijua kwamba katika pwani hii ukuta unahitaji kivuli na chumba kinahitaji upepo.

Upo upande ambao Dar es Salaam iko mbele ya miji mingi tajiri bila kujisifu, nao ni chuma. Tani moja ya chuma kinachotengenezwa kutoka kwenye udongo wa madini kwa makaa ya mawe hutoa takriban tani mbili za hewa ukaa. Chuma kilichoyeyushwa kutoka vyuma chakavu kwenye tanuri la umeme kinatoa sehemu ndogo tu ya hiyo, hasa umeme ukiwa wa maji. Vijana wanaopita mitaani na mizani wakinunua mabati, mageti na vyuma vya magari ndio mwanzo wa mnyororo unaoishia kwenye viwanda vyetu vya nondo. Gerezani, hatua chache kutoka sokoni, pipa la mafuta linakatwa, linanyooshwa kwa nyundo, na kabla ya jioni limekuwa majiko au sanduku la bati. Watu hawa wanasumbuliwa na kuhamishwahamishwa kama kero ya mji, na baadhi yao wameponzwa na wezi wa mifuniko ya mitaro na vyuma vya reli. Wizi uadhibiwe. Kazi yenyewe ipewe eneo, leseni rahisi na heshima, kwa kuwa bila wao kila nondo ingelazimika kuanzia mgodini.

Hesabu hiyohiyo inafaa kwa ununuzi wa kila siku, na Kariakoo, inayolisha maduka hadi Lubumbashi na Lusaka, ni mahali pazuri pa kujifunza. Watu wengi hudhani uchafuzi wa bidhaa ya nje uko kwenye safari. Kwa mzigo wa meli si kweli. Kontena kutoka Guangzhou hadi Dar es Salaam linasafiri zaidi ya kilomita 10,000, lakini kwa kila kilo ya bidhaa safari hiyo hutoa gramu mia moja na kitu tu. Kiti cha plastiki cha kilo mbili na nusu kimetoa kilo tano au zaidi kiwandani, na hakifikii nusu kilo baharini. Mzigo wa ndege ni habari nyingine kabisa: kilo moja ya bidhaa inaweza kugharimu kilo nne au tano za hewa ukaa kwa usafiri peke yake, zaidi ya mara 30 ya meli. Mfanyabiashara anayepanga oda zake mapema ili zije kwa meli anaokoa fedha na hewa kwa pamoja. Kwa mnunuzi, uzito wa jambo uko kwenye muda ambao kitu kitadumu. Simu janja hutoa sehemu kubwa ya hewa ukaa yake, zaidi ya robo tatu kwa simu nyingi, wakati wa kutengenezwa. Kuichaji kwa miaka mitatu ni kidogo mno. Fundi wa Mtaa wa Aggrey anayebadilisha kioo na betri, na simu ikaenda miaka miwili zaidi, amefanya kazi kubwa ya mazingira kuliko vifungashio vingi vinavyojiita rafiki wa mazingira. Kadhalika sufuria nzito ya alumini chakavu inayorithiwa na binti, na koti la mtumba lililochaguliwa vizuri. Bei nafuu ya kiti kinachovunjika baada ya msimu mmoja inadanganya mfuko na inadanganya hesabu hii pia.

Kuna wanaouliza, kwa hasira inayoeleweka, kwa nini Mtanzania wa robo tani aambiwe apunguze wakati Mmarekani anapita tani 13. Haki iko upande wao. Dunia iliyojitajirisha kwa makaa ya mawe ndiyo inayodaiwa, na hakuna mjenzi wa Kariakoo anayepaswa kujiona mkosaji kwa kutaka ghorofa. Lakini hoja hii haisimami juu ya kosa la mtu. Nchi tajiri zimekwisha kujenga, nasi sehemu kubwa ya mji wetu bado haijajengwa. Tukiamua vizuri sasa tunapata mji imara kwa vifaa vichache, tukiamua vibaya tutalipa mara mbili kwa fedha zetu wenyewe. Saruji inayofujwa ni mkopo wa benki wa mtu fulani. Zaidi ya hayo, serikali yetu iliahidi mwaka 2021 kupunguza uzalishaji wa gesijoto kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030 ikilinganishwa na hali ya kutofanya lolote, na ahadi hiyo haiwezi kutimizwa na misitu peke yake. Na kwa wanaosema mkaa ndio tatizo la kweli, nakubali kwamba ni kubwa. Jiko, hata hivyo, limepata mpango: Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unalenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Jengo halina hata kipimo.

Wengine wanaona suluhisho kwenye mbao. Zanzibar, huko Fumba, mpango wa mnara wa mbao wa ghorofa 28 ulitangazwa mwaka 2022, na Mufindi tuna msitu wa kupandwa wa Sao Hill unaoweza kulisha viwanda vya mbao za kisasa. Mti huhifadhi kaboni badala ya kuitoa, mradi upandwe mwingine. Ni njia ya kufuatiliwa, hasa kwa kenchi, dari na nyumba za ghorofa chache. Kwa Kariakoo yenye nyaya zilizosongamana na mitaa ambayo gari la zimamoto linapita kwa shida, nisingeipa mbele.

Lililo jema ni kwamba hesabu ninayoidai tayari imefanyika kwa sehemu kubwa. Hakuna ghorofa linalojengwa kihalali bila mkadiriaji majenzi kuandaa BOQ, yaani orodha ya vifaa na gharama zake, na humo mna kila mfuko wa saruji, kila tani ya nondo, kila mita ya kioo. Kugeuza orodha hiyo kuwa tani za hewa ukaa ni kazi ya kuzidisha kwa viwango vinavyojulikana, kazi ya siku moja kwa mtu mwenye kompyuta. Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi inaweza kutoa jedwali moja la viwango kwa vifaa vya hapa nchini, likiandaliwa na Chuo Kikuu Ardhi pamoja na viwanda vyenyewe. Halmashauri ya Jiji iongeze ukurasa mmoja kwenye maombi ya kibali cha ujenzi: tani za jengo jipya, umri uliokusudiwa, mzigo ambao msingi umechorwa kubeba, na kama kuna jengo la kuvunjwa, matokeo ya kipimo chake na sababu ya kutolikarabati. Ukaguzi wa majengo ya Kariakoo ulioagizwa baada ya msiba wa 2024 ungekuwa mwanzo mzuri, kwa kuwa anayejua nguvu ya jengo anajua pia kama linastahili kutunzwa. Shirika la Nyumba liweke sharti hilohilo kwenye mikataba yake ya ubia bila kusubiri sheria. Nawe msomaji unayekusanya fedha za kujenga, muulize mkadiriaji wako tani za jengo lako kabla hujauliza rangi ya vioo, na mwambie msimamizi amwagilie zege siku zote saba.